Butura ya Dola

Kwa miaka mingi, kijijini kwetu upande wa Muleba, watu walijua kwamba kaka yangu anatengeneza magari Ujerumani. Hakuna aliyewaambia hivyo. Habari ilianza na picha aliyomtumia mama, amesimama kando ya gari jeusi lililong'aa kiasi kwamba uso wake ulionekana mara mbili, juu ya shingo yake na kwenye mlango wa gari. Mama akaionyesha kanisani. Kufikia jioni kaka alikuwa fundi, na baada ya muda akawa fundi mkuu. Mimi, dada yake, nilijua kwamba anafanya kazi ghorofani, mbali na nyundo na rangi, katika ofisi inayoshughulika na fedha za kampuni. Anazishughulikia vipi, sikuwa nimemuuliza.

Kilichowasumbua watu ni kwamba hakuja na gari. Kwetu Desemba ni mwezi wa kurudi. Wenyeji hutoka Dar es Salaam, Mwanza na Kampala, na barabara ya kutoka Bukoba hujaa magari ambayo miezi mingine hatuyaoni. Watu hukaa mbele ya maduka wakiyajadili yanavyopita: hili la nani, ni lake au kaazima, lilinunuliwa kabla ya nyumba ya mama yake kuezekwa au baadaye. Kaka yeye alishuka kwenye ndege na begi moja, akapanda gari langu dogo la Kijapani ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ndani tu. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, hakuacha kumtania. Alisema mwenye kupika harusini ndiye huenda nyumbani na njaa.

Desemba iliyopita kaka alikuja kwa sababu aliitwa. Moyo wa baba ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na daktari alikuwa amemkataza jembe na mteremko. Baba alitaka kukabidhi kibanja wakati ulimi wake bado unamtii. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, na ndani ya migomba hiyo ndimo yalimo makaburi ya babu na bibi. Hakikabidhiwi kwa kunong'onezana chumbani. Huitwa ndugu wa ukoo, na mbele yao musika, yaani mrithi, huambiwa kipi ni chake na kipi anakilinda tu kwa ajili ya watakaokuja.

Kila mtu alijua musika ni kaka, mtoto wa kwanza. Wasichojua ni jinsi alivyokitaka kibanja kile. Kwenye simu alikuwa akiuliza habari za mti mmoja mmoja: ule mbuni wa karibu na choo cha zamani bado unazaa, migomba ya upande wa bondeni imepona mnyauko. Aliwahi kuniambia kwamba anaweza kuvumilia majira ya baridi ya kule kwa sababu anajua pahala atakapozikwa. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja anuani yake.

Sasa lazima nieleze neno moja, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki.

Kwetu kuna biashara inayoitwa butura. Mkulima mwenye shida, labda ya ada au ya msiba, huuza kahawa yake ikiwa bado maua au punje changa mtini. Mnunuzi hutoa fedha leo, kidogo sana, na kahawa ikiiva inakuwa yake. Serikali imeipiga marufuku tangu zamani, na bado ipo, kwa sababu shida haisubiri mavuno. Babu yetu alikuwa mtu wa butura. Baba alikua akichuma kahawa kwenye kibanja cha kwao na kuibeba hadi uani kwa mtu mwingine, akirudi mikono mitupu na vidole vyekundu. Mwaka mmoja mvua ilikatika, miti haikuzaa kiasi kilichouzwa, na babu akalazimika kuwaomba majirani kahawa ili atimize ahadi. Baba ndiye aliyetumwa na kikapu, nyumba kwa nyumba. Alipokuja kumiliki kibanja, aliweka sheria moja tu: ua la kahawa haliuzwi. Tulikula ugali wa muhogo bila mboga, na mimi nilirudishwa shule kwa kukosa ada, huku miti imechanua maua meupe mpaka mlangoni. Baba ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi ya mbele. Mtu aliyelewa, baba angeweza kumsamehe. Mtu wa butura, baba alimwamkia tu, kisha hakuwa na neno jingine naye.

Nilimpokea kaka uwanja wa ndege Bukoba, tukapita kwangu Nshambya nichukue nguo zangu, kisha tukashika barabara ya Muleba. Njia nzima alikuwa anaitazama simu. Tulipofika Kemondo nilisimama kununua samaki, na niliporudi alikuwa bado ameinamia kioo. Nilimuuliza kama kuna mgonjwa. Akasema dola inashuka.

"Inashuka kwa nani?"

"Kwa yuro. Na kwenu pia inashuka. Hukusoma wewe mwenyewe?"

Ni kweli. Naandika na kusoma habari kwenye redio moja ya hapa, na wiki hizo nilikuwa nimesoma mara kadhaa kwamba shilingi imeimarika. Niliisoma kwa sauti ya habari njema, kama ilivyoandikwa.

Baba mdogo alikuwa akitungoja uani na malalamiko yake tayari. Kahawa aliyoikusanya na kuiweka ndani akingoja bei ipande, bei yake ilikuwa imerudi nyuma. "Umesema redioni shilingi imepata nguvu," aliniambia. "Mbona kahawa yangu imekosa nguvu?" Alikuwa na hakika kwamba mwenyekiti wa chama cha msingi ameila tofauti. Kaka akamweleza, akiwa bado ameshika begi, kwamba kahawa yetu huuzwa nje kwa dola, na dola moja ikizaa shilingi chache kuliko jana, mkulima hupata chache hata kama mzungu hajapunguza senti. Baba mdogo alisikiliza kwa heshima, akasema sawa, lakini mwenyekiti naye ameila.

Tulicheka. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, naye alitabasamu. Ilikuwa jioni njema. Makabidhiano yalipangwa kuwa Jumatatu. Jumapili tulitoka kanisani tukala pamoja: ndizi na maharage, yale mapishi ya mama yanayoanza asubuhi, na senene walioletwa na jirani. Ni hapo baba alipogeuka akamuuliza kaka swali ambalo familia nzima ilikuwa haijawahi kuliuliza.

"Mwanangu, kesho nakupa nyumba. Nataka nijue mkono unaoipokea unashika nini. Kazi yako hasa ni ipi?"

Kaka alifurahi kuulizwa. Aliweka kijiko chini na kueleza taratibu, kwa Kihaya na Kiswahili, akitafuta maneno. Magari yao ni ya matajiri. Fundi analipwa kwa yuro, chuma na umeme vinalipwa kwa yuro, lakini wanunuzi wengi wako Marekani na wanalipa kwa dola. Bei hupangwa leo, na gari huja kuuzwa baada ya miezi mingi. Katikati hapo dola ikianguka, gari ni lile lile na bei ni ile ile, ila dola zile zikibadilishwa zinatoka yuro chache, na pengine faida yote imeishia hapo, baharini, gari likiwa bado melini. Kumpandishia tajiri bei kila wiki haiwezekani. Naye tajiri ana pengine pa kwenda, kwa watengenezaji wa nchi ambayo fedha yake imeshuka na kuyafanya magari yake kuwa rahisi.

"Ndipo tunapoingia sisi," alisema. "Ofisi yetu inatafuta benki ya kununua dola hizo mapema. Tunapatana bei leo, tunaikabidhi dola baadaye."

"Hizo dola mnazo?" baba aliuliza.

"Bado, Tata," kaka alisema, akimwita baba kwa Kihaya. "Zitakuja magari yakiuzwa."

"Na magari mnayo?"

"Mengine bado hayajatengenezwa."

Baba mdogo alicheka hadi akashika kifua. "Waitu, jamani, hiyo si butura?"

Kaka naye akacheka. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya, kwa sababu mgeni asingekuwa na neno hilo. Alikuwa ameishi mbali muda mrefu, na neno lilikuwa limepoteza uzito mdomoni mwake. "Ndiyo, baba mdogo," alisema. "Ni butura ya dola. Tena mimi ndiye mwenye kupatana bei."

Mama alimtazama baba kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba aliomba maji ya kunawa, na ndizi zilikuwa bado kwenye sahani yake. Alinawa polepole, kidole baada ya kidole. Akamshukuru mama kwa chakula. Kisha akamwambia baba mdogo kwamba kesho asijisumbue kuja.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama yenye msiba usiotangazwa. Wageni wa Desemba waliingia na kutoka, tukawapa kahawa ya kutafuna kama desturi inavyotaka, wakauliza habari, tukasema nzuri. Baba aliitikia salamu ya kaka kila asubuhi na hakuongeza neno. Baba mdogo alikuja mara mbili kuomba radhi kwa utani wake, na mara mbili baba alimwambia kwamba utani haukuwa na kosa, ulikuwa umesema kweli. Mama aliniambia jikoni kwamba kaka anyamaze tu, muda utapita. Lakini kaka alikuwa na tarehe ya kurudi, na moyo wa baba ulikuwa na tarehe yake ambayo hatukuijua.

Asubuhi moja baba aliomba nimtembeze kwenye kibanja. Aliweka mkono begani kwangu, na kaka akafuata nyuma bila kuitwa. Ardhi ilikuwa na unyevu, majani makavu ya migomba yakikatika chini ya miguu. Baba alisimama kwenye mbuni wa zamani ambao matawi yake yameinama hadi chini kama mtu anayeokota kitu. Punje zilikuwa changa, ngumu, za kijani.

Bila kugeuka alisema, "Anayenunua kwenu, ana nini?"

"Benki, Tata. Ina fedha."

"Haina njaa."

"Haina."

"Na nyinyi mna njaa?"

Kaka alifikiri. "Hatuna njaa. Tuna hofu. Tunaogopa kesho ikija na bei nyingine. Butura ya babu ilikuwa ya mtu aliyebanwa, anachukua robo ya haki yake. Sisi bei tunayopewa ni ya haki siku hiyo. Dola ikipanda baadaye, tunakuwa tumejipunja. Ikishuka, tumepona. Lakini watu elfu nyingi wanalipwa mshahara wao kila mwezi bila kujua kama dola imelala au imeamka."

Alieleza vizuri. Nilimwona baba akiyapokea maneno yale, na kwa muda nilidhani mambo yamekwisha. Kahawa yetu wenyewe, nilifikiri, ilikuwa imeshuka bei kwa sababu ya dola hiyo hiyo, na hakuna aliyetukinga.

Kisha baba akauliza, "Mmewahi kuuza dola za gari ambalo halikuja kutengenezwa?"

Nilijua jibu halikuwa kwenye kumbukumbu yangu wala ya baba, lilikuwa kwa kaka peke yake, na kwamba hakuna mtu Muleba nzima angeweza kumpinga kama angesema hapana. Baba alikuwa bado amelishika tawi.

"Ndiyo," kaka alisema. "Wakati wa ule ugonjwa. Kiwanda kilifungwa, magari hayakutoka, na dola tulikuwa tumeshaziuza. Siku ya kukabidhi ilipofika hatukuwa nazo."

"Mkafanyaje?"

"Tukazitafuta sokoni. Tukanunua za watu ili tumpe mwenye kudai."

"Nyumba kwa nyumba," baba alisema.

Aliliachia tawi, nalo likarudi mahali pake taratibu. Tulirudi ndani.

Jioni, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma, nilimwambia kaka kwamba angeweza kusema hapana. Alinitazama kana kwamba sikuwa nimelelewa kwenye nyumba ile. Alisema asingeweza kupokea kibanja kwa uongo halafu alale humo milele.

Kesho yake baba mdogo aliitwa, na wazee wawili wa ukoo. Mama alitandika mkeka mpya. Baba alivaa koti lake la kanisani ingawa joto lilikuwa limeanza. Alizungumza akiwa amekaa, kwa sauti ndogo, na alianza kwa kumsifu kaka. Alisema huyu ni mtoto aliyeulizwa swali gumu akajibu. Ardhi, nyumba na makaburi akamkabidhi yeye, kama ilivyotakiwa, na kaka akapiga magoti na kuinamisha kichwa.

Baba hakuwa amemaliza.

"Kahawa namwachia dada yake," alisema. "Miti yote. Kuichuma, kuiuza, kuikata na kupanda mingine. Mwenye ardhi asiiguse mpaka dada yake aseme."

Mmoja wa wazee alikohoa. Baba mdogo, ambaye hawezi kunyamaza hata kanisani, alisema kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana. Binti akipewa kahawa ya ukoo, kesho watoto wake wa ukoo mwingine watakuja na magunia, na mumewe akiwa dereva.

"Ardhi ndiyo yenye ukoo," baba alisema. "Kahawa ni ya anayeweza kuisubiri."

Sikuwa nimeiomba. Nina kazi yangu mjini na nyumba yangu Nshambya, na tangu ujana sikuwahi kujua kukata mbuni ukazaa badala ya kufa. Nilimtazama kaka nikitaka anione usoni kwamba sikujua lolote. Alikuwa bado amepiga magoti. Niliona shingo yake ikijikaza, kisha ikalegea.

"Tata," alisema. "Nikirudi kabisa, nikiacha kazi ile?"

"Utakaa na dada yako. Atakuona unavyoitazama miti ikichanua. Atakapoamua kukuachia, iwe yako. Neno hilo nimempa yeye, sitalichukua tena."

Kaka akashukuru kama inavyotakiwa, kwa maneno yote ya Kihaya ambayo nilidhani ameyasahau. Baba mdogo akaomba tule.

Siku ya kuondoka, mama alimfungia senene wakavu na kahawa ya kutafuna. Baba alimsindikiza hadi kwenye gari langu, jambo ambalo daktari alikuwa amelikataza, akasimama ameshika mlango. Walizungumza kwa muda, nami nikajitenga nisisikie. Niliona tu kwamba baba ndiye aliyekuwa akisema zaidi, na kaka akiitikia.

Safari nzima hakutoa simu. Ziwa lilikuwa limetulia upande wa kulia, na mitumbwi ya Kemondo imevutwa pwani. Nilimwambia kwamba mambo ya wazee hubadilika, kwamba nitazungumza na baba akipata nafuu, kwamba kahawa nitaitunza kama yake. Aliniacha niseme yote.

Uwanjani tulisimama kivulini tukingoja ndege ya Mwanza. Wengine waliokuwa wakirudi walikuwa wakipiga picha na ndugu zao.

"Usizungumze naye," kaka alisema. "Amefanya sawa."

"Amekuonea."

"Hapana. Nimelifikiria tangu siku ile. Dola ikiendelea hivi, kahawa itashuka tena. Mimi nikiwa kule, na mtu akiniambia leo kuna mnunuzi anatoa bei nzuri kwa mavuno ambayo bado hayajaiva, ningepiga hesabu. Na hesabu ingekubali." Alirekebisha mkanda wa begi begani. "Ningeuza maua, dada. Tena ningekueleza sababu ukaridhika."

Abiria wakaitwa. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, akapita mlangoni, na sikumwona akigeuka.

Sikwenda kazini siku hiyo. Baba alikuwa ameniagiza nirudi kijijini moja kwa moja, kwa sababu mbuni mzee unapaswa kukatwa kwa namna fulani, na alitaka kunionyesha akiwa bado anaweza kusimama.